Hotuba Huandaliwa kwa Mdomo

Simu huja siku chache kabla ya harusi. "Shemeji, kikao kimekaa, kimeona wewe ndiye uzungumze kwa niaba ya familia." Unaitikia vizuri, unashukuru kwa heshima uliyopewa, na ukishakata simu tumbo linaanza kukusokota. Wapo walimu waliozeekea darasani wanaopatwa na hali hiyo. Wapo madaktari, mafundi, akina mama wenye maduka Kariakoo wanaoweza kubishana bei na yeyote, ambao wakiambiwa wasimame mbele ya ndugu zao kwa dakika tano hukosa usingizi.

Mara nyingi mtu huyo huchukua karatasi. Anaandika, anafuta, anaandika tena, anatafuta maneno mazito, anampa kijana amchapie. Usiku anaisoma kitandani kwa macho, kimya kimya, mpaka anaridhika kwamba imeingia. Siku ikifika anakabidhiwa kipaza sauti, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza midomo yake inakutana na maneno yale. Sentensi iliyopendeza kwenye karatasi inakuwa ndefu kuliko pumzi yake. Neno alilolichagua kwa uzito wake linamkwama. Anaharakisha ili amalize, sauti inapanda, anarudi kukaa akiamini kwamba yeye hakuumbwa kuzungumza mbele za watu.

Nimewasikiliza wengi wa namna hiyo, na hukumu wanayojipa siikubali. Wamejiandaa, tena kwa bidii, ila walichokiandaa ni macho na mkono. Hotuba ni kazi ya mdomo, pumzi na masikio, na hivyo ndivyo vinavyotaka mazoezi. Karibu kila ninachoshauri hapa kinatoka kwenye jambo hilo moja.

Lakini kwanza hofu, maana asiyeielewa huiogopa yenyewe kuliko hata watu. Ukisimama mbele ya macho mengi, mwili huona hatari. Tezi zilizo juu ya figo humimina adrenalini kwenye damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, mate hupungua, pumzi hupanda juu kifuani. Mikono inayotetemeka, kinywa kilichokauka na sauti iliyokuwa nyembamba vyote vina chanzo hicho. Havisemi lolote kuhusu akili yako wala kuhusu unachokijua. Wazungumzaji wazoefu nao hupata hali hiyo hiyo. Wao wameshajifunza kwamba makali yake huwa mwanzoni, na kwamba ukiendelea kusema, yanapungua.

Ukiwa bado umekaa, dakika chache kabla ya kuitwa, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya nane. Fanya hivyo mara tano au sita. Mapigo ya moyo hupungua kidogo kila unapotoa pumzi, ndiyo maana kutoa kunapaswa kuwa kurefu kuliko kuvuta. Hakuna atakayejua unafanya nini. Piga funda moja la maji, na soda uiache kwanza, kwa sababu gesi yake huja kukusumbua katikati ya sentensi.

Kuna jambo jingine ambalo kulijua tu ni nafuu. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha majaribio waliyoyafanya juu ya watu wanaotoa hotuba. Waliona kwamba mzungumzaji huamini woga wake unaonekana kuliko unavyoonekana kweli kwa wasikilizaji. Anahisi kila mtu anausikia moyo wake, kumbe wale walioko mbele yake wanamwona mtu wa kawaida anayezungumza. Zaidi ya hapo, wale walioelezwa jambo hilo mapema walizungumza vizuri kuliko wenzao ambao hawakuelezwa. Kwa hiyo usianze kwa kusema "mnisamehe, nina woga kidogo." Unawaonyesha kitu walichokuwa hawajakiona, na kuanzia hapo wataacha kukusikiliza na kuanza kukukagua.

Sasa maandalizi yenyewe. Siku ya kwanza usiguse kalamu. Funga mlango, washa kinasa sauti cha simu, simama kwa miguu yako, ujibu kwa sauti swali moja: nikishakaa, nataka watu hawa wabaki na nini? Jibu kama unavyomweleza dada yako mkiwa jikoni. Zungumza dakika mbili tatu bila kujirekebisha, kisha jisikilize. Sauti hutaipenda. Wengi wetu hatuipendi mara ya kwanza, kwa kuwa tumezoea kuisikia ikipita pia kwenye mifupa ya kichwa, na kinasa kinatuletea ile ile wanayoisikia wengine. Vumilia usikilize hadi mwisho. Utakuta kuna mahali sauti imechangamka bila wewe kupanga, pengine uliposimulia jinsi bwana harusi alivyokuwa akimbeba mdogo wake mgongoni kwenda shule wakati wa masika. Hotuba yako iko hapo. Mengine yote ni namna ya kufika hapo na namna ya kutoka.

Rudia kesho yake, na kesho kutwa. Kila mara maneno yatabadilika kidogo, yaache yabadilike. Yale yanayorudi yenyewe bila kulazimishwa, mdomo wako umeshayakubali. Ndipo uchukue karatasi ndogo uandike sentensi ya kwanza kamili, sentensi ya mwisho kamili, na katikati maneno manne au matano ya kukukumbusha njia. Majina ya watu na tarakimu yaandike yote, hata jina la mama mkwe wako mwenyewe. Jina ndilo linaloponyoka upesi, na kumkosea mzee jina mbele ya ukoo mzima ni jambo litakalokumbukwa hata hotuba yenyewe ikisahauliwa.

Kukariri neno kwa neno sikushauri. Winston Churchill, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza na msemaji wa kusifika duniani, alikuwa na desturi ya kukariri hotuba zake. Aprili 1904, akiwa mbunge kijana, alikatikiwa katikati ya sentensi Bungeni, akalitafuta neno lililofuata, akalikosa, akakaa. Tangu siku hiyo akawa hasimami bila maandishi. Aliyekariri akipoteza neno moja amepoteza na yote yaliyo nyuma yake. Aliyezoea kulieleza jambo lile lile kwa namna nne tofauti akikosa neno huchukua jingine na kuendelea, na wasikilizaji hawajui kwamba kuna kilichopotea.

Risala ni habari nyingine, maana hiyo husomwa ilivyo na nakala yake hukabidhiwa kwa mgeni rasmi. Hapo kazi yako ni kuifanya karatasi iendane na pumzi. Isome kwa sauti mara kadhaa kabla haijachapwa kwa mara ya mwisho, na kila sentensi usiyoweza kuimaliza kwa pumzi moja uikate iwe mbili. Ichapwe kwa herufi kubwa, mistari iachane, upande mmoja tu wa karatasi, na ukurasa uishie kwenye nukta ili usiwe unafunua karatasi ukiwa katikati ya wazo. Chora mstari mdogo wa kalamu kila mahali unapotaka kupumua. Wasomaji wa taarifa redioni nao huziwekea karatasi zao alama, na hakuna anayewadharau kwa hilo.

Kwenye risala ndiko pia lugha ya ofisini hutuharibia. Mtu anayezungumza Kiswahili kitamu kuanzia asubuhi mpaka jioni akishika kalamu anaandika "katika kuhakikisha kwamba suala zima la upatikanaji wa maji linapatiwa ufumbuzi wa kudumu." Mdomo unachoka, sikio linalala. Alichotaka kusema ni kwamba tunataka maji yatoke kila siku. Aseme hivyo. Tarakimu nazo ziguse mikono ya watu: badala ya kusema mavuno yamepungua kwa asilimia 40, sema aliyezoea kuvuna magunia kumi mwaka huu amevuna sita. Aliye nyuma kabisa, aliyemshika mtoto anayelia, atakuwa amekuelewa.

Watu wetu wana mifano mikubwa ya jambo hili. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba kazi ni moja tu, kumpiga; kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Hakuna neno pale ambalo mtoto wa shule ya msingi hakulijua. Sentensi tatu zina umbo moja, na sikio likishaipata ya kwanza linaingojea ya pili. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanaisema kwa moyo, kwa sababu inakaa vizuri mdomoni. Machi 1995, alipozungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, Mwalimu alitumia picha moja ya nyumba iliyopata nyufa, na kila jambo lililomsumbua juu ya nchi, rushwa, udini, ukabila, misukosuko ya Muungano, likawa ufa katika nyumba ile ile. Hakurukia picha nyingine. Waliomsikiliza waliondoka na nyumba kichwani, na ndani ya nyumba kila hoja ilikuwa na ukuta wake.

Nampenda zaidi katika hili Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, hakupata elimu kubwa ya shule, na kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi katika ngoma ya Bomba. Alipokabidhiwa kitengo cha wanawake cha chama cha TANU mwaka 1955, vikundi vya ngoma ndivyo vilivyokuwa njia ya kuwafikia akina mama wa mjini, na sauti yake ikawa miongoni mwa sauti kubwa za kupigania uhuru. Nikifikiri alikojifunzia, naona wazi. Anayeanzisha wimbo katika ngoma hujifunza mahali pa kupumua, hujifunza kungoja kiitikio, hujua kwa masikio kama watu wako naye au wamemwacha. Hayo hayamo katika karatasi yoyote. Ukiwa umewahi kuimba kwaya kanisani, umesoma maulidi, umeongoza nyimbo za mchakamchaka shuleni au umewahi kuwa mama wa kuanzisha vigelegele, basi unayo shule hiyo tayari, na unaweza kuipeleka kwenye hotuba.

Turudi ukumbini. Dakika ya kwanza ndiyo ngumu, kwa hiyo ndiyo ya kufanyiwa mazoezi mengi kuliko zote. Kabla hujaitwa, muulize MC kama itifaki imeshazingatiwa. Kama imeshapita, huna haja ya kuanza tena kutaja kila aliyekaa meza kuu. Msalimie mgeni rasmi, wazazi wa pande zote mbili na wazee, kisha ingia kwenye neno lako. Kama haijapita, iandike kwa mpangilio wake, na hapo usione ni kupoteza muda. Mzee aliyesafiri kutoka Bukoba au Lamu kuja kumwoza mjukuu wake anastahili kutajwa kwa jina. Salamu za dini uzitoe kulingana na waliopo, moja moja, ukingoja kuitikiwa. Kuitikiwa huko ni zawadi kwako: umesema, watu wamejibu, na mwili wako umeshapata habari kwamba hapa hakuna hatari.

Baada ya salamu nyamaza kwa pumzi moja. Itaonekana ndefu kwako peke yako. Kisha sema sentensi yako ya kwanza, na isiwe "sina mengi ya kusema." Isiwe pia "mimi si msemaji mzuri." Iwe jambo lenyewe: "Bibi harusi alipokuja kwetu mara ya kwanza, aliingia jikoni kumsalimia mama kabla hajakaa sebuleni." Ukumbi mzima utataka kujua kilichofuata. Sentensi hiyo uwe umeisema kwa sauti nyumbani mara nyingi kiasi kwamba hata woga ukiizingira akili, mdomo unaitoa wenyewe.

Kuhusu macho, vitabu vingi vya kigeni huagiza umtazame kila mtu usoni. Kwetu kijana kumkazia macho mzee si adabu, na binti aliyelelewa hivyo hawezi kuivunja adabu hiyo kwa siku moja, wala sioni kwa nini aivunje. Chagua nyuso tatu za watu wanaokutakia mema, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja nyuma katikati. Mwambie mmoja sentensi nzima, hamia kwa mwingine. Wazee walio mbele wataona unazungumza na watu wote, na heshima yao haijaguswa.

Kipaza sauti kinawaangusha wengi bila sababu. Usikipulize wala usikigonge. Kikijaribiwa kwa "habari za mchana" inatosha. Kishike karibu na mdomo, umbali wa upana wa ngumi, chini kidogo ya midomo, ili pumzi ya herufi kama p na b isipige moja kwa moja ndani. Ukigeuza kichwa, kigeuke nacho. Ule mlio mkali unaochoma masikio hutokea pale sauti inayotoka kwenye spika inaporudi tena ndani ya kipaza sauti, kwa hiyo usitembee kwenda mbele ya spika. Ukumbi ukiwa bado mtupu, mwombe fundi mitambo akupe nusu dakika ujaribu. Wengi wao hufurahi kuombwa.

Mwendo nao. Woga hutufanya tukimbie. Njia ya kuuzuia ni nukta: kila sentensi ikiisha, funga mdomo, vuta pumzi kwa pua, ndipo uanze nyingine. Kinasa cha simu kitakuonyesha pia maneno unayotumia kuziba kimya. Wengine ni "yaani", wengine "kwa hiyo", wengine "sawa sawa?", wengine ni "eee" ndefu. Huwezi kuyaondoa kwa kuyachukia. Yahesabu katika dakika mbili za kurekodi, kisha rekodi tena ukiweka kimya pale ulipotaka kuweka "yaani". Kimya kifupi katikati ya hotuba husikika kama utulivu. Na muda ukipewa dakika tano, andaa nne. Vigelegele, makofi na kuitikiwa kwa salamu vitakula ile ya tano.

Msibani mambo ni tofauti, na nataka nikae hapa kidogo, kwa kuwa huko ndiko mtu husimama akiwa dhaifu kuliko siku nyingine yoyote. Ukiombwa kusoma wasifu wa marehemu, hakikisha kwanza tarehe, majina ya watoto wote na mpangilio wao, na umsomee mzee mmoja wa ukoo kabla. Mtoto aliyesahauliwa kwenye wasifu ataumia kwa miaka. Baada ya kuzaliwa, shule na kazi, weka jambo moja ambalo kila aliyemjua atalitambua: namna alivyokuwa akiita watoto wa jirani kula, au jinsi asivyokubali mtu aondoke kwake bila kusindikizwa. Hilo ndilo litakalowafuta watu machozi na kuwaliza kwa pamoja.

Nawe ukilemewa na machozi? Simama tu. Usijilazimishe kusema juu ya kilio, maana sauti haitatoka na utazidi kuvurugika. Shusha karatasi, toa pumzi polepole, tazama chini. Watu watakungoja, hakuna anayekuhesabia. Kabla ya siku hiyo mpe binamu au rafiki nakala ya pili, asimame karibu, mkubaliane kwamba ukimgusa mkono ataendelea pale ulipoishia. Kujua kwamba yupo mara nyingi hutosha kukufikisha mwisho. Sehemu itakayokuliza unaijua: isome kwa sauti nyumbani, ulie huko, uisome tena. Na neno la shukrani la familia liwe fupi. Watu wametoka mbali, na safari ya kurudi inawangoja.

Kuna mahali pengine ambapo kuzungumza kunagusa maisha kuliko harusini, napo ni vikaoni. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao nchini Tanzania unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, kikao cha wazazi shuleni, kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, baraza la chifu kule Kenya. Hapo ndipo huamuliwa kisima kichimbwe wapi, michango iwe kiasi gani, barabara ipite shamba la nani. Anayeweza kusimama na kueleza jambo kwa dakika moja huondoka na kisima. Anayelijua tatizo kuliko wote lakini amekaa nyuma amenyamaza huondoka na ndoo yake. Mara nyingi huyo wa pili ni mama, kwa sababu ndiye anayeteka maji. Inaniuma kila ninapoliona.

Kwa mchango wa kikaoni huhitaji hotuba. Unahitaji mambo matatu kwa mpangilio: kinachotokea, kinachotugharimu, ninachoomba. "Ndugu mwenyekiti, naomba kuchangia. Bomba la mtaa wetu halijatoa maji tangu Pasaka. Watoto wanaamka saa kumi alfajiri kwenda bondeni, wanafika shule wamechelewa. Naomba kikao hiki kimpe fundi siku ya kuja, na siku hiyo iandikwe kwenye muhtasari." Kisha kaa. Fanya mazoezi ya maneno hayo njiani ukienda, kwa sauti, hata kama waliokupita watakushangaa. Omba nafasi mapema, kabla joto la mjadala halijapanda na kabla mambo mengine hayajafungwa. Ombi lako liwe kitu kinachoweza kuandikwa na katibu. Lalamiko lisilo na ombi huitikiwa kwa "tumelipokea", na hapo ndipo safari yake inapoishia.

Ukiulizwa swali usilolijua, sema hulijui na utaje siku utakayoleta jibu. Ukiulizwa kwa hasira, lirudie swali kwa maneno ya upole kabla ya kujibu: "Ndugu yetu anauliza fedha za mwaka jana ziko wapi." Waliokaa nyuma wamelisikia, wewe umepata muda wa kupumua, na ukali umepungua bila kumdharau aliyeuliza.

Mazoezi ya peke yako yana mwisho wake. Yanafika mahali yanahitaji mtu. Usimuulize "nimefanyaje?", maana atakuambia umefanya vizuri ili asikuvunje moyo. Mwambie: nieleze nilichosema. Akikurudishia lile ulilotaka abaki nalo, umefanikiwa. Akikurudishia kisa cha pembeni, basi kisa hicho kimefunika neno lako, kipunguze. Mweke mama yako, au kijana wa kidato cha pili, au jirani asiyehusika. Msikilizaji anayejua habari nzima huziba mwenyewe mapengo uliyoyaacha.

Wanaotaka mazoezi ya kila wiki wanaweza kutafuta klabu. Toastmasters ilianzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, na leo ina klabu Nairobi, Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika. Utaratibu wake ninaukubali kwa sababu ni wa mdomo mtupu. Hotuba ya kawaida ni dakika tano hadi saba, na taa hukuonyesha muda: kijani, njano, nyekundu. Yupo mtu anayehesabu maneno yako ya kuziba kimya. Kuna kipindi ambacho unaitwa bila taarifa na kupewa mada uizungumzie kwa dakika moja au mbili. Klabu nyingi hutumia Kiingereza, jambo ambalo huwazuia watu ambao wangefaidika sana. Hakuna kinachokuzuia kuchukua utaratibu ule ule ukauweka kwenye Kiswahili, katika jumuiya ndogo ndogo, katika kikundi cha akina mama, katika darasa la madrasa la vijana, au kwa walimu watano baada ya saa za kazi. Kinachotakiwa ni saa ya simu, daftari la kuhesabia, na makubaliano kwamba kila mmoja atasimama kila mnapokutana, asiwepo wa kusikiliza tu.

Kabla ya harusi ya shemeji yako huenda hakuna muda wa klabu. Basi anzia kwenye vikao vidogo vilivyo karibu: kwenye kikao cha wazazi omba nafasi uulize swali moja, kazini jitolee kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, nyumbani, wageni wakija kula, wewe ndiye uwakaribishe kwa maneno mawili ukiwa umesimama. Mwili haujifunzi kwa kuelezwa kwamba hakuna hatari. Hujifunza kwa kusimama na kuona kwamba umekaa salama, mara nyingi, katika mambo madogo, kabla ya lile kubwa.

Siku ikiisha, mwombe mpiga video akukatie kipande chako, ila usikitazame usiku ule ule. Ngoja wiki moja. Kitazame mara ya kwanza bila picha, ukiwa umegeuza simu, usikilize tu: wapi ulikimbia, wapi watu walicheka, wapi palikuwa kimya. Andika kwenye daftari sentensi moja iliyowafikia na moja iliyoanguka. Kisha tazama picha, uone mikono yako ilikuwa inafanya nini wakati ule. Daftari hilo litunze, maana shemeji akishakusikia mara moja, simu itakuja tena.